Vitanzi Sabini na Viwili

Sindano za kufumia za Bibi Dominika zilikuwa spoki za baiskeli. Marehemu mume wake, Babu Wenseslaus, alizichomoa kwenye gurudumu bovu, akazikata, akazinoa ncha kwenye jiwe la mfongo, ule mfereji wa maji unaopita juu ya shamba lao, mpaka zikawa laini kiasi kwamba ukizipitisha shavuni hazikwaruzi. Najua kwa sababu nilizipitisha shavuni siku ya kwanza tu nilipozishika, na Bibi akaniuliza kama huko kwetu watu huonja vyuma kabla ya kuvitumia.

Huko kwetu ni chini, kwenye mashamba ya miwa, ambako baba yangu anaendesha trekta. Wazazi wangu walitoka Singida wakifuata kazi, kwa hiyo sisi si Wachagga. Nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza nililetwa huku Uru, mlimani, kukaa na mama mkubwa Scola, dada yake mama, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Nyumba aliyopanga inapakana na kihamba cha Bibi Dominika, migomba na kahawa na nyumba yake ya bati jekundu katikati.

Chini sijawahi kuvaa sweta. Huku, mwezi wa sita ulipofika, ukungu ulikuwa unaingia mpaka jikoni, na mimi nikawa ninaenda kwa Bibi kila nikitoka shule, nusu kwa sababu ya moto wake na nusu kwa sababu ya mikono yake. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Anaongea na wewe, anakuangalia usoni, anamfukuza kuku, na vidole vinaendelea vyenyewe kama vya mtu mwingine. Nilimuuliza maswali mengi mpaka akasema nikifuma nitanyamaza, akanipa spoki mbili za akiba na donge la uzi wa kijani uliobaki kwenye sweta la mjukuu fulani.

Alinianzishia vitanzi ishirini. Kitanzi ni kile kiduara cha uzi kinachokaa kwenye sindano, na sweta zima ni vitanzi vilivyoshikana, hakuna kingine. Akanifundisha hatua ya kwanza, ambayo alisema mtu anaweza kuishi nayo maisha yake yote bila kujua ya pili. Unaingiza ncha ya sindano ya kulia ndani ya kitanzi, unazungusha uzi, unauvuta utokee upande wako, halafu unakishusha kitanzi cha zamani. Ingiza, zungusha, vuta, shusha. Nilipokuwa nakosea kwenye kuzungusha aliniambia nifikirie ninafunga kamba kwenye mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikamwambia sijawahi kufunga mzigo wa majani. Akanitazama kwa huruma kabisa.

Kufikia mwisho wa wiki vitanzi vyangu ishirini vilikuwa ishirini na sita. Sikujua hivyo sita vilizaliwa wapi. Bibi alivichunguza akacheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kitenge. Akanionyesha kwamba kila nikianza mstari mpya ninauacha uzi unapanda juu ya sindano, kwa hiyo kitanzi cha kwanza kinaonekana kama viwili, na mimi ninavifuma vyote viwili bila kuuliza. Alisema kila anayeanza huongeza watoto hivyo, na kwamba hata yeye masista walimfumulia kazi yake mara nyingi alipokuwa msichana wa misheni.

Yeye hakuwa anafuma sweta za kijani. Alikuwa anafuma sweta jeupe la ubatizo. Binti yake Monica, aliyeolewa Tarakea, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Godlove, na ubatizo ulipangwa katikati ya mwezi wa nane. Watoto wote wa ukoo ule waliobatizwa walikuwa wamevaa sweta lililotoka kwenye zile spoki, na Godlove angekuwa wa kumi na nane. Sweta la ubatizo Bibi alikuwa na sheria yake: linafumwa na mkono mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Hata Monica mwenyewe haruhusiwi kuligusa mpaka liwe tayari. Aliniambia mara moja, nami nikasema ndiyo, Bibi. Lilikaa kwenye foronya ya mto, mgongo wake ukiwa na vitanzi sabini na viwili, na kila akimaliza mistari kumi alifunga kipande cha uzi mwekundu pembeni. Hakuwa na sababu ya kuhesabu zaidi ya hapo. Alisema mkono wake unajua sabini na mbili ni ngapi.

Siku ile ilikuwa Jumanne. Bibi alisikia ng'ombe analia, akaliweka sweta kwenye kiti chake, bila kulirudisha kwenye foronya, akaenda nyuma kumkatia migomba. Wiki hiyo nilikuwa nimeweza. Mistari yangu ya kijani ilikuwa imenyooka, ishirini imebaki ishirini, na kulikuwa na kitu ndani yangu kinataka kujua tu: ule uzi mweupe, laini, ukizungusha, unajisikiaje? Niliwaza nifume kitanzi kimoja.

Kimoja kilikuwa kitamu. Nikamaliza mstari. Halafu nikageuza, maana mstari mmoja peke yake ungeonekana umekaa vibaya, nikafuma wa pili, na kwa kuwa panga la Bibi lilikuwa bado linasikika kule nyuma, nikafuma wa tatu na wa nne. Katikati ya wa nne kitanzi kimoja kikachomoka kwenye sindano. Nilikiona kinashuka ngazi moja, halafu nyingine, kikiacha kijitundu kila kinapopita. Nikajaribu kukidaka kwa ncha, nikashika uzi usio wake. Panga likanyamaza. Niliharakisha mpaka mwisho wa mstari, nikalirudisha sweta kitini, nikachukua kijani changu.

Bibi hakulifuma tena siku ile. Kesho yake nilipotoka shule nilimkuta amekaa mlangoni ambako kuna mwanga zaidi, sweta limetandazwa mapajani, kidole kinatembea juu ya sindano. Alikuwa anahesabu kwa Kichagga. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Sabini na tano," akaniambia, bila hata kuitikia shikamoo yangu.

Nikakaa. Akanionyesha kijitundu. Akanionyesha uzi mwekundu, na mistari minne iliyokuwa juu yake, imelegea, inacheza, tofauti na mingine yote. Alisema anakumbuka kufunga uzi mwekundu, na anakumbuka ng'ombe kulia. Hiyo minne haikumbuki.

"Evaline, wewe hukugusa hapa?"

"Sikugusa, Bibi."

Akaniamini palepale. Ndicho kitu ninachokikumbuka kuliko vyote. Hakunitazama mara mbili, hakuuliza tena. Alirudisha macho kwenye sweta kana kwamba mlango mmoja umefungwa na umebaki mwingine, ule ambao hakutaka kuufungua.

Alifumua mistari ile minne, akaendelea. Lakini mkono ulikuwa umepoteza kitu. Sasa alihesabu kila mstari, na akihesabu anasahau alipofika, akisahau anasimama, na akisimama katikati anarudi kufuma akielekea upande alikotoka. Wiki moja baadaye alikosea kweli, yeye mwenyewe, mbele yangu. Vitanzi sabini na kimoja. Alilitazama kosa lile muda mrefu, kisha akalirudisha sweta kwenye foronya taratibu kama mtu anayemfunika mgonjwa. Mimi nilikuwa na kijani changu mkononi. Ishirini, ishirini, ishirini. Nilikuwa nafuma vizuri kuliko siku zote, na hilo nililichukia.

Mama mkubwa aliposikia kwamba Bibi analalamikia macho, alimwambia aende hospitali Moshi mjini akapimwe, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemzoea, nikapewa kazi ya kumsindikiza Jumamosi. Sikukataa. Ningesema nini? Tulishuka asubuhi. Bibi alivaa kitenge cha kanisani na akabeba ndizi mbivu za kumpa daktari, ambazo daktari, dada mmoja kijana, alizikataa kwa upole halafu akazikubali. Walimtia dawa machoni, mboni zikawa kubwa kama za paka, kisha wakamulika humo ndani kwa muda mrefu. Mimi nilisimama pembeni nimeshika pochi yake nikiomba, Mungu anisamehe, wakute ugonjwa. Kidogo tu. Ugonjwa wa kuvaa miwani.

Daktari alisema macho yake ni mazima kuliko ya wanawake wengi wa umri wake. Kama ni kuona karibu, ile shida ndogo aliyonayo haiwezi kumfanya aone vitanzi vitatu visivyokuwepo.

Tulitoka nje. Jua lilikuwa linamuumiza kwa sababu ya ile dawa, akajifunika kitenge usoni, akanishika mkono, mimi nikamwongoza mpaka kwenye benchi lililokuwa kivulini. Nilidhani atafurahi kidogo.

"Basi si macho," akasema kutoka ndani ya kitenge. "Ni kichwa."

Akanisimulia habari za dada yake, Theopista. Theopista alikuwa mshonaji, ndiye aliyeshona nguo za kwaya ya parokia miaka yote. Ilianza hivihivi, alisema. Alikuta nguo imeshonwa mkono mmoja ndani nje, akauliza nani amefanya hivi, na nyumbani hakukuwa na mtu mwingine. Baadaye akawa anaweka chumvi kwenye chai. Baadaye akawa anaandaa chakula cha mume wake, anakaa kumsubiri mpaka jioni, na mume alikuwa amelala kaburini hatua ishirini kutoka mlangoni. Mwishoni alimwita Dominika mama.

"Mimi sikuogopa kufa," Bibi akasema. "Niliogopa hilo. Sasa limekuja, na limepitia mikononi."

Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, mafupi tu, maneno matatu, Bibi ni mimi. Wakapita watu na machela. Nikasubiri wapite. Walipopita nikamuuliza kama anataka maji.

Jumatano iliyofuata aliniita. Alikuwa amelifumua sweta zima, uzi mweupe umerudi kuwa donge kubwa, bado una mikunjo ya vile vitanzi. Alikuwa amempigia Monica simu, akamwambia anunue sweta la ubatizo huko huko sokoni Tarakea, la kiwandani, na asimuulize maswali. Akanikabidhi ile foronya, donge likiwa ndani, na zile spoki za Babu Wenseslaus.

"Chukua wewe. Mkono wako una akili sasa."

Nilizibeba mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mfupa wa mtu. Usiku sikula. Mama mkubwa akauliza kama nina malaria.

Shuleni nilimweleza Given, ninayekaa naye dawati moja, mzaliwa wa hapahapa. Nilisema ni rafiki yangu mmoja wa chini ndiye aliyefanya jambo. Given alinisikiliza, akasema huyo rafiki yako wa chini anafuma uzi wa kijani, siyo? Kisha akaniambia kwamba kwao, mtu akikosea kosa kubwa, haendi mikono mitupu na maneno matupu. Anapeleka isale. Ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba. Jani lake linafungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, na mtu mwenye heshima zake akilipokea, amesamehe. Hawezi kulipokea huku amekunja moyo. Nikamuuliza kama ni kweli hawezi kukataa. Given akasema hajawahi kusikia aliyekataa, ila hajawahi pia kusikia mtu aliyempeleka bibi kizee hospitali kwa uongo.

Jumapili baada ya misa nilitafuta isale. Sikuhangaika. Yalikuwa yamejaa pale kati ya uwanja wetu na shamba la Bibi, mstari mzima. Nikachagua shina zuri, nikalikata kwa kisu cha jikoni, nikafunga jani fundo, nikaenda. Bibi alikuwa barazani anachambua maharage. Nilipiga magoti, shikamoo, nikalinyoosha lile jani kwa mikono miwili.

Hakunitazama mimi. Alilitazama jani.

"Umelitoa wapi hili?"

Nikasema pale mpakani.

"Mpaka wa nani?"

"Wako, Bibi."

Akaniuliza kama nimekata jani au shina. Nikasema shina. Akasema lile lilipandwa na baba mkwe wake siku walipogawana kihamba na ndugu yake, kwa kugombana, na kwamba mtu hang'oi wala hakati shina la mpaka, hata ng'ombe wake wanajua. "Yaani umekuja kuniomba radhi kwa kunikatia mpaka. Haya, kosa lenyewe ni lipi, au ndilo hili?"

Ndipo nikasema. Sikuweza kusema kwa mpangilio. Nilianza na ng'ombe, nikarudi kwenye kitanzi kimoja, nikasema mistari minne, nikasema kilichomoka nikashindwa kukidaka, nikasema uliponiuliza nilidanganya. Bibi aliacha kuchambua.

"Mistari yote minne?"

"Yote."

"Na vile vitatu vya ziada?"

"Ni uzi, Bibi. Niliuacha unapanda juu ya sindano, kama ulivyonionyesha."

Akafumba macho. Midomo yake ilitikisika, nikadhani anasali, kumbe anahesabu. Mstari wa kwanza kitanzi kimoja, wa pili kimoja, wa tatu kimoja, wa nne kimoja. Vinne, toa kile kilichodondoka, vitatu. Sabini na tano. Ilikuwa inakaa sawasawa. Niliona mabega yake yanashuka, kitu kizito kinamtoka, na kwa muda mfupi sana nikadhani yameisha.

Akafumbua macho.

"Nilikwenda hospitali, Evaline. Ulinishika mkono."

Nilishusha lile jani mapajani.

"Nilikueleza habari za Theopista. Watoto wangu sijawaeleza."

Maharage aliyoyashika aliyarudisha moja moja kwenye ungo. Kisha akasema jani lile hawezi kulipokea, kwanza limeibwa kwake, pili isale haliletwi na mtoto peke yake kama anayerudisha chungu kilichoazimwa. Niende nikamlete mtu mzima wa kwetu. Nikamwambia mtu mzima wa kwetu ni mwalimu, na mwalimu hajui. Akasema basi atajua.

Hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Mama mkubwa alikuwa anapiga pasi sketi yangu ya shule. Alisikiliza mpaka mwisho, pasi imesimama hewani, halafu akaizima, akaniuliza swali moja: Jumamosi ile, aliponipa chakula cha njiani na kunisifia mbele ya Bibi kwamba nina moyo wa kusaidia wazee, nilikuwa ninawaza nini? Alikwenda mwenyewe kwa kina Given kuomba isale lililokatwa na mwenye mpaka wake. Alirudi nalo amelibeba kama yai.

Jioni hiyohiyo tulikwenda. Mama mkubwa, mtu wa Singida kama mimi, alisimama barazani kwa mama wa Kichagga akasema kwamba mtoto wake amekosa, na kosa la mtoto ni lake, na desturi hii haijui vizuri, akikosea asamehewe na hilo pia. Bibi alimwacha asimame kidogo. Kisha akanyoosha mikono akalipokea.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtoto wako huonja kila chuma." Hakucheka, ila alitukaribisha ndani, tukala mtori wa ndizi, na nilipotaka kuondoa vyombo akaniambia nikalete kwanza sindano zake na uzi wake.

Sheria ya mkono mmoja ilibaki palepale. Sikuruhusiwa kugusa uzi mweupe hata kuuviringisha. Alimpigia Monica akamwambia asinunue kitu. Zilibaki siku kumi na nne, na kila nilipotoka shule nilikaa kwenye kigoda karibu yake na spoki zangu za akiba na vitanzi vyangu ishirini. Hakuniambia nije, na sikuthubutu kutokuja. Siku ya tatu ndipo aliponiambia ninavuta uzi kama ninanyonga kuku. Sweta lilifika Tarakea kwa wakati, na kwenye picha aliyotuma Monica kwenye simu ya mama mkubwa, Godlove analia, amefumba ngumi, na mikono ya sweta imemzidi kidogo kwa sababu Bibi hufumia mtoto wa kesho.

Mpaka hapo watu wanasema yameisha. Mama mkubwa anasema. Bibi mwenyewe alimwambia Given kwamba isale likishapokelewa hakuna wa kuuliza tena, na tangu siku ile hajawahi kunitajia neno hospitali.

Sasa hivi anafuma sweta la kijivu, la kwangu, kwa sababu amechoka kuniona natetemeka. Lina vitanzi vingi kuliko la Godlove. Jana alimaliza mstari, akanisogezea sindano.

"Hesabu."

Nikahesabu kwa kidole bila kugusa uzi. "Mia moja na nne, Bibi."

"Haya."

Akageuza sindano kuanza mstari mwingine. Zamani hapo ndipo mikono ilikuwa inaondoka yenyewe huku yeye anamfukuza kuku. Akasimama. Akaweka kidole kwenye kitanzi cha kwanza, akaanza kuhesabu upya, polepole, kwa Kichagga, midomo inatikisika. Nami nikaziweka spoki zangu chini, nikangoja mpaka afike mwisho.